Maji Yakipita, Maradhi Hubaki

Mwezi huu tuzungumze juu ya mafuriko. Huenda wewe unayesoma ukurasa huu ukiwa Kasulu, Kibondo ama Makere utasema, "Hayo si yetu. Mafuriko ni ya watu wa mabondeni, ya Rufiji na Kilosa, na ya Jangwani kule Dar es Salaam. Sisi tunakaa milimani. Mvua ikinyesha, maji huteremka yakaenda zake."

Ni kweli maji huteremka. Lakini sisi akina mama hatuna budi kujiuliza: yakiteremka hupita wapi, huchukua nini njiani, na mwisho wake huingia katika ndoo ya nani?

Mafuriko ya mlimani

Wengi wetu tukisikia neno mafuriko huona maji yametanda uwandani na mapaa ya nyumba yakichungulia. Hayo ni mafuriko ya bondeni, nayo yanatisha. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kufa nchini kwa sababu ya mvua za msimu ule. Mlimani mafuriko huja kwa namna nyingine. Huja ghafla, huchukua saa mbili tatu, kisha hupotea, na kesho yake jua likiwaka unaona njia imechimbika tu na shamba limepoteza udongo.

Tusiyadharau kwa kuwa hupita upesi. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mji wa Katesh wilayani Hanang, maji yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakiwa na tope, mawe na magogo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wale walikuwa watu wa chini ya mlima, kama tulivyo wengi wetu.

Huku nyanda za juu za Kigoma mvua huanza mwezi wa kumi ama wa kumi na moja, zikaendelea hadi mwezi wa tano, na katika vijiji vingi hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Desturi yetu ni kujenga juu kwenye kilima, na maji kuyachota chini, kwenye chemchemi ama kijito cha bondeni. Fikiri maana yake. Choo kiko juu. Zizi la mbuzi liko juu. Jalala liko juu. Mahali mtoto mdogo alipojisaidia nyuma ya migomba pako juu. Chemchemi iko chini. Mvua kubwa ikipiga, vyote hivyo husombwa kuelekea mahali pale pale tunapoinamisha ndoo asubuhi.

Hatari huja baada ya maji

Aliyezama mtoni huhesabiwa siku ile ile, na redio hutangaza. Lakini mtoto anayekufa kwa kuhara wiki mbili baada ya mvua hahesabiwi kuwa amekufa kwa mafuriko. Husemwa tu, "Mtoto aliharisha." Ndiyo maana tunaogopa maji yakiwa mengi, na tunaacha kuogopa yakisha kupita, wakati ambapo ndipo ilitupasa kuanza kujihadhari.

Magonjwa yanayofuata mafuriko ni mengi. La kwanza ni kuhara kwa kila namna: kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, na kuhara kwa kawaida kwa watoto. Yote haya hupita njia moja, yaani kinyesi cha mtu mmoja kuingia kinywani mwa mwingine kwa maji, kwa chakula, ama kwa mikono. Kipindupindu huanza saa chache hadi siku tano tangu mtu kula ama kunywa vijidudu vyake. Mgonjwa huhara maji meupe kama yaliyooshea mchele, na akikosa msaada anaweza kufa siku ile ile.

Mwaka 1997 Tanzania iliripoti wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walifariki. Ugonjwa ulikuwa umeanza kabla ya mvua za El Niño, lakini mvua zile zilizoanza mwishoni mwa mwaka huo na kuendelea hadi 1998 zilivikuta vyoo ni vibovu na visima viko wazi, zikaongeza taabu juu ya taabu.

Mkoani kwetu tunalo somo la karibu zaidi. Mwezi Mei 2015 maelfu ya ndugu zetu kutoka Burundi walikimbilia kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ni ya ziwani. Katika majuma machache watu wapatao 3,000 waliugua kuhara na kipindupindu, na zaidi ya 30 walikufa. Wengi walikuwa wakimbizi, na wenyeji nao walikuwamo. Pale hapakuwa na mafuriko. Lakini kinachotokea mvua inapofurisha choo cha kijiji ni kile kile: kinyesi na maji ya kunywa vimekutana.

La pili ni malaria. Mvua kubwa yenyewe husomba mayai ya mbu, hivyo mara nyingi tunaona nafuu kidogo mwanzoni. Baadaye vidimbwi hubaki katika mashimo ya kufyatulia matofali, katika nyayo za ng'ombe na kando ya barabara. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda wa juma moja ama mawili, na wagonjwa huongezeka majuma kadhaa baada ya mvua. Utafiti wa mwaka 2017 uliukuta mkoa wa Kigoma ukiongoza Tanzania Bara: kati ya kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano waliopimwa, wapatao 24 walikuwa na vimelea vya malaria.

Aidha, kuna hatari ambazo hatuzifikirii upesi. Nyoka hukimbia mashimo yaliyojaa maji wakaingia jikoni na kwenye ghala. Mkojo wa panya na mifugo huchanganyika na maji ya mafuriko ukaleta ile homa iliyojulikana kwa jina la homa ya Mgunda, iliyotokea Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Nyumba ya matofali mabichi iliyonyonya maji usiku kucha huweza kuanguka asubuhi, jua likiwa limekwisha toka.

Mama mjamzito na barabara

Hili nalisema peke yake kwa kuwa ni letu. Barabara ya Kigoma, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, na njia nyingi za kwenda vijijini bado ni za udongo. Daraja dogo likisombwa, kijiji kizima hukatika na hospitali. Mgonjwa wa malaria anaweza kupewa dawa zahanati. Mama ambaye mtoto amekwama tumboni hawezi kungoja daraja litengenezwe.

Kwa hiyo, kama utajifungua katika miezi ya mvua, kaa na mumeo mapema, mzungumze. Nani ana pikipiki? Ni ndugu gani anakaa karibu na hospitali, ambaye unaweza kwenda kwake majuma mawili ama matatu kabla ya siku zako? Fedha kidogo ya safari iko wapi? Na usikose kliniki: vidonge vya kuzuia malaria kwa mjamzito na chandarua chenye dawa ni haki yako.

Mwaka 2015 wakubwa walilazimika kufikiri hivyo hivyo kwa watu maelfu. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ilikusudiwa watu 50,000. Kufikia Oktoba 2015 ilikuwa na zaidi ya 150,000, na baadhi yao walikaa katika mahema sehemu za mabondeni. Ikaonekana kwamba mvua zikiwakuta pale yatatokea maafa, na ndipo kazi ya kuwahamishia wengi Nduta, wilayani Kibondo, ilipoanza. Kuhama kabla ya mvua si woga. Ni busara kwa kambi, na ni busara kwa mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane.

Udongo unaokwenda hautarudi

Sasa tutazame mazingira, maana afya ya watoto na afya ya kilima vinakwenda pamoja. Kilima chenye miti, nyasi na majani yaliyooza hunywa mvua polepole na kuitoa katika chemchemi wakati wa kiangazi. Kilima kilicho uchi hakinywi. Maji hukimbia juu juu yakachukua udongo wa juu, ule mweusi wenye mbolea. Ndipo tunapopata mambo mawili yanayoonekana kupingana: mafuriko mwezi wa nne, na chemchemi iliyokauka mwezi wa nane. Ugonjwa ni mmoja. Maji tuliyoyaacha yakakimbia wakati wa masika ndiyo yale tunayoyatafuta kwa mwendo wa saa nzima wakati wa kiangazi.

Tope nalo lina safari yake. Mto Malagarasi huanzia milima ya mpakani na Burundi, hupita pande za Kibondo, hutawanyika katika mabwawa na matete ya Muyovozi, kisha hugeuka magharibi kupita Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Mto Ruchugi unaoshuka kutoka Kasulu huungana nao huko Uvinza. Yale mabwawa yanafanya kazi ya sifongo: hupokea maji mengi, huyachuja, na kuyaachilia kidogo kidogo. Ndiyo sababu mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Muyovozi liliwekwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, la kwanza kwa Tanzania. Lakini sifongo ikijazwa tope hupunguza kunywa. Na walio mbele wanaumia. Katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 Ziwa Tanganyika lilijaa kupita kawaida, likaingia katika nyumba za watu Uvira na Bujumbura na fukwe za Kigoma. Mvua nyingi ndiyo iliyolijaza. Hata hivyo vilima vilivyo uchi huyaharakisha maji na kuyajaza tope.

Nani aliyevua nguo vilima vyetu? Wengine huwanyoshea kidole wakimbizi peke yao. Ni kweli kwamba tangu 1993 mamia ya maelfu ya watu waliingia Kasulu na Kibondo, na kila jiko lilihitaji kuni. Lakini mama aliyetoka kambini kutafuta kuni alikuwa anapika maharage kama wewe na mimi. Na sisi wenyeji tuna tanuri za matofali, mkaa wa kuuza, mabani ya tumbaku, na moto wa kiangazi unaounguza mlima mzima ili mtu apate panya. Tusitafute wa kumlaumu. Tutafute wa kupanda miti.

Fundo la kuni

Hapa kuna fundo ambalo lazima tulifungue kwa uaminifu. Miaka yote tunaambiwa, "Chemsheni maji ya kunywa." Ni shauri jema. Lakini kuchemsha kunahitaji kuni, kuni zinatoka mlimani, mlima ukiisha miti unaleta mafuriko, na mafuriko yanachafua maji tunayotakiwa kuyachemsha. Mama afanye nini?

Kwanza, tuchemshe ya kunywa tu. Acha yatulie, mimina yaliyo juu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha chemsha hadi yabubujike kwa nguvu kwa dakika moja ama zaidi kidogo. Kuyaacha motoni nusu saa ni kupoteza kuni. Weka katika chombo chenye kifuniko, na tumia kata yenye mpini ili mikono isiingie.

Pili, dawa ya klorini haihitaji kuni. Fuata maelezo ya kwenye kifurushi, na kumbuka kwamba haifanyi kazi vizuri katika maji yenye tope. Kwanza yatulie, uchuje.

Tatu, jua. Jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, uilaze juu ya bati juani kwa saa sita. Siku za mawingu iache siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, njia hii haifai. Rudi kwenye klorini ama moto.

Nne, jiko. Mafiga matatu wazi hupoteza moto mwingi pembeni. Jiko la udongo lililofinyangwa kuzunguka chungu, lenye mlango mmoja wa kuni, hutumia kuni kidogo zaidi, na udongo wa kichuguu tunao bure.

Tufanye nini kabla ya mvua

Kinga ni bora kuliko tiba. Haya ni ya mwezi wa nane na wa tisa, wakati nchi ni kavu na wanaume hawajashikwa na kilimo:

Choo kiwe mbali na chemchemi ama kisima, angalau mita 30, tena kiwe upande wa chini ya chanzo cha maji inapowezekana. Inua mdomo wa shimo kwa udongo ulioshindiliwa, na uchimbe mfereji wa kuzuia maji ya mvua. Shimo likibakiwa na nusu mita kujaa, lifukieni, mchimbe jingine.

Chemchemi izungushiwe uzio mifugo isiingie. Upande wa juu wake chimbeni mfereji wa kupotosha maji ya mvua. Kufua kufanyike chini yake, kamwe si juu. Pandeni miti ya asili kuizunguka, si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Kulima kandokando ya mto siyo ujanja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Shambani, chimbeni makingamaji yakikata mteremko, na juu ya tuta pandeni matete, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Funikeni migomba na kahawa kwa majani. Msichome mabua.

Mtoto akiharisha

Usingoje kesho. Usimnyime maziwa ya mama wala chakula. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa katika lita moja ya maji safi. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mpe kidogo kidogo baada ya kila kuhara. Akitapika, ngoja dakika kumi, uendelee polepole. Zahanati watampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Avimalize hata kama kuhara kumekoma.

Mpeleke mara moja ukiona macho yamedidimia, halii machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, amelegea, ana damu katika choo, ama anahara maji mfululizo. Safari nzima mwendelee kumnywesha. Mtoto mwenye homa naye apimwe malaria siku ile ile.

Mwendo wa kufuata maji

Nimalizie kwa shauri moja kwa vikundi vya akina mama, wa kanisani, wa vikoba ama wa mtaani. Kabla ya mvua za kwanza chagueni siku moja. Anzeni kwenye nyumba iliyo juu kuliko zote, mteremke kwa miguu kufuata njia ambayo maji ya mvua hufuata, hadi chemchemi. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji na mtu wa kamati ya maji, na akina baba wasiachwe nyuma. Kila mnapokuta choo kilichopasuka, jalala, zizi ama korongo jipya, andikeni. Mkifika chini hamtahitaji mgeni wa kuwaeleza kwa nini watoto wenu waliharisha mwaka jana. Mtakuwa mmepita juu ya sababu moja moja kwa miguu yenu.

Kisha gawaneni kazi: huyu mfereji, yule uzio, wale miche. Kazi inayowashinda, kama kujenga chemchemi kwa saruji na bomba, ipelekeni kwa serikali ya kijiji na Wakala wa Maji Vijijini, RUWASA, mkiwa na orodha yenu mkononi.

Mvua hatuwezi kuizuia, wala tusingependa, maana ndiyo maharage yetu na muhogo wetu. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba yakiteremka, hayapiti chooni kwanza ndipo yafike mtungini. Hadi mwezi ujao, mbaki salama ninyi na watoto wenu.